"Juu Kabisa" Si Mpangilio: Kamera Mtego ya Kwanza Kisiwani Mombasa

Kamera mtego ni kamera ndogo isiyoingia maji, inayofungwa mtini au ukutani na kuachwa peke yake ipige picha kila kiumbe chenye joto kinapokatiza mbele yake. Ndani yake mna kihisi cha joto, taa za infraredi za usiku, betri, kadi, na orodha ndefu ya mipangilio ambayo mwenye kamera hukutana nayo kabla hajamwona hata panya mmoja. Ushauri anaopewa karibu kila anapouliza ni ule ule: weka kila kitu juu kabisa. Megapikseli za juu, kihisi kikali, picha kumi kwa mfululizo au video, bila mapumziko, mchana na usiku. Hoja inayoubeba ushauri huo inaeleweka upesi. Kadi siku hizi ni rahisi, picha mbaya hufutwa, lakini mnyama aliyepita bila kupigwa picha huenda asirudi. Akiba haiozi.

Akiba hii huoza, na kisiwa cha Mombasa huiozesha upesi. Hapa usiku una joto karibu sawa na mchana wa nchi nyingine. Kuta ni za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa kugeuza mabega, kunguru hawahesabiki, paka hawana haraka, na jirani ana haki ya kutopigwa picha mlangoni mwake. Kila moja kati ya hayo huugeuza mpangilio wa "juu kabisa" kuwa hasara. Betri huisha kabla ya juma kwisha, na mwenye kamera hubaki na picha elfu nne za ukuta, akaamua kutozitazama kabisa.

Wanaosema wingi wa picha si tatizo wana mfano wa kujibiwa nao, tena wa jirani. Kati ya mwaka 2010 na 2013, mradi wa Snapshot Serengeti uliweka kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 nchini Tanzania. Zilikusanya mafungu ya picha yapatayo milioni 1.2. Yaliyokuwa na wanyama ndani yake yalikuwa 322,653, yaani kama robo tu. Mengine mengi yalikuwa nyasi zilizopepea na joto lililopanda kutoka ardhini. Uchambuzi wake ulifanywa na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 kwa njia ya intaneti. Watafiti walikuwa na jeshi hilo. Mtu wa mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, aliyenunua kamera yake ya kwanza ana macho mawili na Jumapili moja.

Kosa kubwa liko kwenye kihisi, na hapo ndipo pa kukaa kwa muda. Watu wengi hudhani kihisi huona mwendo. Kazi yake hasa ni kupokea mionzi ya joto kupitia kioo cha plastiki kilichogawanywa katika vidirisha vingi, kisha kushtuka pale joto la kidirisha kimoja linapobadilika ghafla kuliko la jirani yake. Mnyama ambaye joto la mwili wake wa nje halitofautiani na la kilicho nyuma yake, kwa kihisi hayupo, hata akicheza ngoma. Kamera nyingi za aina hii zimeundwa kwa ajili ya wawindaji wa kulungu wa Marekani, na huko tofauti hiyo hupatikana bila jasho: mnyama mzito anasimama mbele ya msitu wenye baridi ya Novemba. Mita 25 au 30 zinazotangazwa kwenye boksi ni za mnyama huyo, katika baridi hiyo.

Mombasa hesabu ni nyingine. Mwezi wa Februari na wa Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku huteremka hadi karibu 24 tu. Kuta za Mji wa Kale, zenye unene wa dhiraa moja, hunywa jua mchana kutwa na kulitoa polepole baada ya magharibi. Damu ya panya ina joto, lakini kamera haifiki kwenye damu. Inaishia kwenye uso wa manyoya, na manyoya kazi yake ni kuzuia joto lisitoke. Saa mbili za usiku wa kaskazi, uso huo na ukuta ulio nyuma yake hukaribiana mno. Umbali wa kumnasa mnyama mdogo hupungua, pengine ukawa mita tatu au nne, na hakuna kitufe kinachoweza kuurudisha wote.

Vijitabu vya kamera husema mahali penye joto pandisha ukali wa kihisi. Ushauri huo ni nusu ya kweli, na ndiyo nusu ambayo wapenzi wa "juu kabisa" huishika. Kihisi kikali hupokea vyema dalili dhaifu za mnyama, lakini hupokea vyema vilevile jani la mpapai lililochomwa na jua likapepewa na upepo, nguo zilizoanikwa darini, na bati la jirani linalopoa. Upepo wa kusi unapovuma kuanzia Aprili, kamera iliyoelekezwa kwenye migomba itajaza kadi kwa siku moja bila kiumbe hata kimoja. Kupandisha ukali bila kuchagua mandhari ni kuongeza kelele na sauti kwa pamoja.

Kinachofaa ni kuchagua kwanza kilicho nyuma ya mnyama, kisha ndipo kihisi kiguswe. Ukuta unaotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri na huwa bado una joto hadi usiku umekolea. Unaotazama mashariki huanza kupoa tangu adhuhuri. Sakafu ya saruji iliyoshinda kivulini, ngazi za mawe za ua wa ndani, au mdomo wa mfereji wa maji machafu ni mandhari bora kuliko bustani yenye majani. Mahali kama hapo kihisi kiwekwe kikali, lakini kwa saa za usiku peke yake. Kamera ikilazimika kufanya kazi mchana, kishushwe hadi kati au chini. Kamera za bei ya kawaida huruhusu kupanga saa za kuanza na kumaliza, na kwa Mombasa mpango huo ukishawekwa haubadiliki: jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na tofauti kati ya miezi haifiki saa nzima. Mzungu wa Scotland anayesoma kijitabu hichohicho hupanga saa zake upya kila msimu.

Lipo pia suala la pembe, ambalo wengi hawalihesabu kuwa mpangilio kwa sababu halimo kwenye orodha ya kamera. Kwa kuwa kihisi hushtushwa na joto linalotoka kidirisha hadi kidirisha, mnyama anayekatiza hunaswa upesi, na anayeijia kamera moja kwa moja huchelewa kunaswa. Lakini uchochoro wa mita moja na nusu ukikingwa na kamera kutoka upande mmoja, paka anakuwa ameshapita kamera inapoamka, na kinachobaki kwenye picha ni mkia. Kamera ielekezwe mshazari, kama nyuzi 45 kwa njia, iwe kwenye kimo cha goti au chini yake. Kwa kimo hicho panya huonekana ubavu badala ya mgongo, na mtu anayepita huonekana miguu tu. Faida hii ya pili ina uzito wake, kama itakavyoonekana mbele.

Picha kumi kwa mfululizo bila mapumziko ni mpangilio unaosifiwa kuliko yote, na hesabu ya paka mmoja inatosha kuuvunja. Paka amekaa barazani dakika 20, anajilamba, anajigeuza, anaondoka. Kila anapotikisika kamera hupiga picha kumi, huchukua kama robo dakika kwa kupiga na kuhifadhi, kisha huwa tayari tena. Dakika 20 zina robo dakika 80, hivyo paka huyo aweza kuacha picha 800. Picha tatu kwa mfululizo na mapumziko ya dakika moja zingempa nafasi 60, na kati ya hizo 60 habari yote ya paka imo. Mchana kazi ya paka hufanywa na kunguru. Kunguru wa shingo ya kijivu, mgeni wa kutoka Bara Hindi aliyefika Zanzibar miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa miaka ya 1940, ameongezeka kiasi kwamba mwezi wa Juni 2024 shirika la wanyamapori la KWS lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja nchini. Kamera iliyo wazi mchana karibu na jaa la taka itawahesabu wote.

Mapumziko hata hivyo hayafai kila mahali kwa kipimo kimoja, na hapa watetezi wa upande wa pili wana neno la haki. Panya hufuatana, wa kwanza akipita, wa pili huja sekunde kumi baadaye, na mapumziko ya dakika nzima humpoteza. Basi kipimo kifuate mahali. Kwenye njia, ambako wanyama hupita tu, mapumziko yawe sekunde tano hadi kumi. Kwenye kituo, yaani jaa, birika la maji au mti wenye matunda yaliyopukutika, yawe dakika moja au zaidi. Atakayeweka kamera mahali ambapo ni njia na kituo kwa pamoja ahamishe kamera.

Juu ya megapikseli hakuna haja ya maneno mengi. Kamera nyingi zinazojitangaza kuwa na megapikseli 24 au 30 zina kioo cha kupokea picha chenye uwezo mdogo kuliko huo mara kadhaa. Zilizobaki huongezwa na programu kwa kubuni nukta katikati ya nukta. Picha haiongezeki habari. Inaongezeka uzito, inachukua muda zaidi kuhifadhiwa, na katika muda huo kamera ni kipofu. Megapikseli tano au nane zinatosha kumtofautisha panya wa darini na panya buku. Kwa video hoja ni ile ile ikiwa na gharama zaidi: usiku taa za infraredi hulazimika kuwaka muda wote wa video, na betri nane zilizotarajiwa kudumu miezi huisha kwa siku chache. Sekunde kumi za video zina thamani pale tabia inapotafutwa, kama vile namna komba anavyokula embe. Kwa swali la kwanza la kila mgeni, yaani nani hupita hapa na saa ngapi, picha zinatosha.

Taa ya usiku inastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu hapa mji wenyewe ni mpinzani. Wauzaji huhesabu taa za infraredi kama hesabu ya farasi wa gari, na mnunuzi huambiwa aziwashe zote. Mwanga wa infraredi hurudishwa kwa nguvu na chokaa nyeupe. Kamera iliyo mita mbili kutoka kwenye ukuta wa barabara ya Ndia Kuu, ikiwa na taa zake zote, hutoa picha nyeupe pee yenye kivuli cha kijivu katikati. Ni paka, au ni mfuko wa plastiki, hakuna ajuaye. Taa zishushwe hadi kiwango cha chini kabisa, na kamera isiyo na mpangilio huo izibwe sehemu ya taa kwa kipande cha tepu nyeupe au karatasi nyembamba. Pamoja na hayo kamera nyingi haziwezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu kuliko mita moja na nusu, kwa hiyo kuisogeza kamera karibu na mnyama si dawa ya chochote. Aina ya mwanga pia ina maana. Taa za nanomita 850 hufika mbali lakini huonyesha wekundu hafifu unaoonekana gizani. Za nanomita 940 hazionekani na hufika karibu zaidi. Katika uchochoro, kufika mbali hakuna faida, na wekundu unaowaka ghafla saa saba za usiku mbele ya mpita njia huleta maswali, au huleta mwizi.

Mpita njia huyo ndiye sababu nyingine ya kuukataa mpango wa saa ishirini na nne. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa kulinda faragha: milango haitazamani, madirisha ya juu yana vimiami vya mbao, ua umefichwa ndani. Kamera inayopiga kila anayepita inauvunja mpango wa mji mzima. Kisheria nako si salama. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari yoyote ya mtu anayetambulikana kuwa data yake binafsi. Sheria hiyo inaziacha nje shughuli za binafsi na za nyumbani, lakini ni vigumu kuuita uchochoro wa mtaa kuwa nyumbani. Kamera ya kwanza iwe uani au darini, na ikibidi itazame njia, itazame chini, kimo cha goti, kwa ruhusa ya wenye milango.

Saa za kufanya kazi nazo zifuate watu. Usiku wa kawaida Mji wa Kale hutulia kati ya saa sita na saa kumi, kisha waumini huanza kutoka kwenda kuswali alfajiri. Kamera iliyopangwa kuanzia saa sita hadi saa kumi hupata wanyama wengi na watu wachache. Ramadhani ikiingia mpango huo hauna kazi: baada ya tarawehe watu huwa nje, vyakula huuzwa, na hadi daku vichochoro havilali. Mabaki ya chakula huongezeka na saa za kutupwa hubadilika, na panya na paka hubadilika nayo. Anayetaka kuyaona mabadiliko hayo kwa kamera ataanza kurekodi majuma mawili kabla ya mwezi kuandama, akiwa na kamera uani, palepale, kwa mpangilio uleule.

Rekodi za namna hiyo hazina maana ikiwa saa ya kamera ni mbovu, na hii hutokea zaidi ya inavyokubaliwa. Kamera huhesabu kuanzia usiku wa manane. Saa mbili usiku kwake ni 20:00. Aliyeingiza 2:00 ameirudisha rekodi yake yote nyuma kwa saa 18. Nyingine hutanguliza mwezi kabla ya siku, kwa desturi ya Marekani, na tarehe 4 Mei ikageuka 5 Aprili. Usiku mmoja pia huandikwa kwa tarehe mbili, kwa hiyo daftari liseme "usiku wa kuamkia", kama watu wa Mombasa wanavyosema wenyewe.

Hoja kwamba wingi ndio unaoleta uvumbuzi haiungwi mkono na historia ya kamera hizi Afrika Mashariki. Mjerumani Carl Georg Schillings, ambaye kitabu chake cha picha za usiku kilitoka mwaka 1905, alitega kamera za vioo kwa uzi na unga wa magnesi, na kila mtego ulikuwa na picha moja tu. Ilimbidi ajue mnyama atapita wapi kabla ya kutega. Katika msitu wa Jozani, Unguja, kazi ya Helle Goldman na Jon Winther-Hansen iliyotolewa mwaka 2003 ilitafuta wanyama wadogo wala nyama kwa kamera mtego. Wakampata kanu wa Zanzibar akiwa hai, chui wasimpate. Kilichowapa jibu ni mahali na subira.

Pwani ya kisiwa, mipangilio yote iliyojadiliwa hushindwa kwa pamoja. Katika mikoko ya hori la Tudor wakazi wakuu ni kaa, na kaa ana joto la tope analotembea juu yake. Kihisi hakimwoni, kiwe kikali namna gani. Kenge naye hukoswa mara nyingi kwa sababu hiyohiyo. Hapa kihisi kizimwe, na kamera ipangwe kupiga picha za vipindi, moja kila dakika au kila dakika tano, kwa saa za maji kupwa. Saa hizo husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo mpango wa saa hauwezi kuachwa juma zima. Siku za bamvua maji hupwa karibu na saa nne asubuhi, nazo ndizo siku nzuri za kuanzia, kwani tope kubwa hubaki wazi kukiwa na mwanga wa kutosha. Ila bamvua hiyohiyo hupandisha maji zaidi ya mita tatu juu ya kupwa kwake, na kamera iliyofungwa kwenye mkoko wa mlilana kwa kimo cha goti itazama siku hiyohiyo. Alama ya maji kwenye magome ionwe kwanza. Mikoko ya Kenya ni misitu ya serikali tangu 1932, hivyo kibali cha Huduma ya Misitu kinahitajika kabla ya kufunga chochote. Na kwa kuwa chumvi hula chuma, vituo vya betri vipanguswe kila kamera inapofunguliwa, na kifuko cha kunyonya unyevu kiwekwe ndani.

Mahali pamoja "juu kabisa" ina haki. Mbuyu unapochanua, maua yake hufunguka magharibi, na popo walao matunda huyajia kwa sekunde moja au mbili kila safari. Kwa kiumbe wa kasi hiyo kihisi huchelewa mara nyingi, na nafasi pekee ni kihisi kikali kabisa, video fupi, bila mapumziko, kamera ikiwa imeinuliwa hadi kimo cha tawi lenye ua, na nyuma yake pawe na anga tupu badala ya majani. Betri zitaisha kwa siku chache, na video nyingi zitakuwa tupu. Kwa majuma machache ya maua gharama hiyo inavumilika, katika kiwanja chenye mbuyu na mwenye kiwanja aliyekubali. Miezi mingine kamera hushushwa tawini, ikarudi uani kwa picha tatu, taa za chini, na saa sita hadi saa kumi.